Tunausherehekea Urithi, Je, Tunaufundisha?



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu zangu katika imani, kila unapokaribia usiku wa utamaduni hapa chuoni, swali hurudi: Muislamu ashiriki au akae mbali? Wako wanaoona kila ngoma ni upotevu, na wako wanaoona kila cha mababu ni halali. Wengi wetu tumekulia huku Uganda, mbali na bahari, lakini naomba tujifunze kwa mji mdogo wa pwani ya Kenya uliolijua swali hili kabla yetu: Lamu.

Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001. Kwa kawaida mwezi wa Novemba hufanyika Tamasha la Utamaduni. Punda hushindanishwa mbio, mashua za tanga hushindana baharini, wanaume huinamia bao, na akina mama huonyesha kazi ya hina na mapishi. Mfungo Sita nayo huja na Maulidi, yanayovuta wageni kutoka pwani nzima na ng'ambo. Wanazuoni wametofautiana kuhusu Maulidi, na tofauti hiyo tuiendee kwa adabu ya elimu, bila matusi.

Ama michezo yenyewe, dini yetu haikuifunga milango yote. Katika Bukhari na Muslim imepokewa kuwa Wahabeshi walicheza kwa mikuki yao msikitini kwa Mtume, naye akamsitiri Bi Aisha (R.A.) huku akitazama mpaka akachoka mwenyewe. Sayyidna Umar (R.A.) alipotaka kuwazuia, Mtume aliamuru waachwe. Huo ulikuwa utamaduni wa watu, usio na shirki wala uchafu ndani yake.

Sasa tumtazame Habib Swaleh bin Alwy Jamalullayl, sharifu aliyefika Lamu kutoka Ngazija katika karne ya 19. Zama zile elimu ya dini mjini ilikuwa karibu mali ya koo kubwa. Watumwa, wazao wao na wageni mafukara walibaki nje. Habib Swaleh akawaketisha darasani. Matari waliyoyapenda hakuyatupa, yakaingia katika kumsifu Mtume. Baadhi ya wakubwa wa mji walimpinga, naye akaendelea kufundisha. Alifariki mwaka 1935, lakini Msikiti wa Riyadha na chuo chake vipo, na wanafunzi wangali wanakwenda kusoma.

Hapo ndipo penye funzo. Shangwe za Maulidi zina siku zake chache, kisha wageni hupanda boti wakarudi makwao. Darsa hubaki mwaka mzima, na ndiyo iliyomwinua mtu aliyekuwa akidharauliwa. Tamasha lisilo na darsa nyuma yake hugeuka picha za wageni. Wazee wa Lamu waliandika tenzi kwa hati za Kiarabu. Mtoto wa leo asiyefundishwa hati hizo atazitazama ukutani kama pambo tu, na hali ni wasia wa babu yake.

Na sisi je? Usiku wa utamaduni kila kabila hukaa na watu wake, Maghribi ikapita, Isha ikapita, chakula kikamwagwa. Allah ametueleza katika Surat Al-Hujurat, aya ya 13, kuwa ametufanya mataifa na makabila ili tujuane, na kwamba mbora wetu ni mchamungu zaidi. Kujuana ni kazi, hakuji kwa kuvaa kanzu na gomesi usiku mmoja.

Basi kaka na dada zangu, mwaka huu swala isimamishwe kwanza, ndipo ngoma. Likizo ukirudi nyumbani, mkalie mzee mmoja akueleze Uislamu ulivyofika kijijini kwenu, na uyaandike. Na yule mwenzetu wa mwaka wa kwanza asiyejua kusoma Qur'ani, anayeona haya kuingia darsani, mfuate chumbani kwake umwite. Habib Swaleh aliwaita watu kama yeye.

Allah atujaalie kuwa warithi wa elimu. Amin.

Wabillahi tawfiq.