Habari za Mgonjwa ni Mali ya Nani?



Jumapili moja, watu walipokwisha kutoka kanisani, mama mmoja wa usharika wetu huku Bagamoyo alisalia nyuma akanijia, akasema: "Baba Mchungaji, nina neno. Zamani, mwanangu alipokuwa mdogo, walikuja watafiti wakaomba kumtazama kwa habari ya homa. Walinieleza, nikakubali, nikatia dole gumba katika karatasi. Walimtoa damu, wakamwandika mara nyingi. Sasa mtoto ni mkubwa, yuko sekondari, naye ameniambia ya kwamba maandiko ya namna ile husomwa na watu wa Ulaya na Marekani katika kompyuta zao. Mimi nilikubali habari ya homa. Je, na hayo niliyakubali?"

Sikuweza kumjibu papo hapo. Nilimwomba anipe siku, nikaenda kuwauliza wenye kuijua kazi hiyo, nikafikiri. Leo naandika niliyoyaona, kwa maana swali lake si lake peke yake. Ni la kila mtu aliyepata kulala hospitali, au kumpeleka mtoto kliniki, akaona jina lake likitiwa kitabuni.

Kwanza yafaa tulijue jambo lenyewe. Mtu akiugua huandikwa umri wake, kijiji chake, uzito wake, joto la mwili wake, kilichoonekana katika damu yake, dawa aliyopewa, tena kwamba alipona au alikufa. Akiandikwa mtu mmoja, hiyo ni habari yake. Wakiandikwa watu elfu kumi, hiyo ni elimu. Elimu hiyo huwekwa katika vyuo na taasisi. Mathalan, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, kule Dar es Salaam, kiliwaandika maelfu ya wagonjwa wa selimundu tangu mwaka 2004 na kuwafuata miaka kwa miaka. Taasisi ya Afya Ifakara nayo ina kituo chake hapa hapa Bagamoyo. Siku hizi wenye majarida ya elimu, na wenye kutoa fedha za utafiti, huwataka watafiti wazifungue hesabu zao ili wengine nao wazisome. Hapo ndipo linapozaliwa swali: je, chuo kina haki ya kuwapa wengine kitu ambacho nacho kilipewa?

Sisi watu wa pwani tuna sababu ya kuliogopa daftari. Bagamoyo ulikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Ujiji. Hapa watu walihesabiwa pamoja na pembe za ndovu, wala aliyehesabiwa hakuulizwa neno. Tena mwaka 1898 serikali ya Wajerumani ilileta kodi ya nyumba, na nyumba zikahesabiwa ili wenye nyumba walipe. Basi mzee wa pwani akimwona mgeni mwenye kalamu na kitabu, moyo wake hausemi, "Huyu amekuja kuniponya." Husema, "Huyu amekuja kuchukua." Hofu hiyo si ujinga. Ni kumbukumbu.

Lakini wazee wale wale walituachia na neno lingine: mficha maradhi kifo humuumbua. Mithali hii twazoea kumwambia mtu mmoja anayeona haya kwenda kwa mganga. Mimi naona ina kweli hata kwa vyuo na mataifa. Nitaeleza kwa habari iliyotokea kwetu.

Tangu mwezi wa Machi 2009 hata Januari 2014 chanjo ya malaria iitwayo RTS,S ilijaribiwa mahali 11 katika nchi 7 za Afrika. Katika Tanzania palikuwa mahali pawili, Bagamoyo na Korogwe. Watoto walioandikwa walikuwa 15,459. Hesabu za mahali pote zilipokusanywa, ilionekana ya kuwa kwa watoto walioanza wakiwa na miezi 5 hata 17, wakachanjwa mara nne, malaria ilipungua kwa asilimia 36 hivi katika muda wa miaka minne. Hii ilikuwa habari njema. Lakini hesabu zile zile zilionyesha na mambo ya kutisha. Homa ya uti wa mgongo ilionekana zaidi kwa waliochanjwa, na malaria ya kupanda kichwani vilevile. Tena wasichana waliochanjwa walikufa wengi kuliko wasichana wasiochanjwa. Je, ni bahati tu ya hesabu, au ni madhara ya chanjo?

Neno hilo halikufichwa. Wataalamu wengine, ambao hawakuwamo katika kazi ile, walizichukua hesabu wakazipima upya, wakaonya waziwazi. Shirika la Afya Duniani nalo halikuitoa chanjo kwa nchi zote mara moja. Lilitaka itumike kwanza katika sehemu za Malawi, Ghana na Kenya, kuanzia mwaka 2019, na hesabu za nchi hizo tatu zitazamwe pamoja. Watoto zaidi ya 800,000 walichanjwa, na yale yaliyoogopwa hayakuonekana. Ndipo tarehe 6 Oktoba 2021 chanjo ikakubaliwa kwa watoto wa Afrika.

Sasa tufikiri. Kama kila mahali pangezifungia hesabu zake sandukuni, nani angepata hasara? Si chuo, wala si wenye chanjo. Mwenye hasara angekuwa mtoto wa kijiji kingine, ama kwa kukosa chanjo iliyo njema, ama kwa kupewa chanjo ambayo hakuna aliyejua hatari yake. Kumbe kuficha nako kwaweza kuua, ijapokuwa mwenye kuficha haoni damu mikononi mwake.

Wako basi wanaosema: "Toeni yote. Futeni majina tu, shauri limekwisha." Hao nao wanakosea. Katika miaka ya 1990, kwenye jimbo la Massachusetts kule Marekani, zilitolewa habari za hospitali za watumishi wa serikali, majina yakiwa yamefutwa. Mwanafunzi mmoja wa chuo, Latanya Sweeney, alinunua orodha ya wapiga kura wa mji mmoja kwa dola 20, akalinganisha tarehe ya kuzaliwa, na mume au mke, na namba ya posta. Kwa mambo hayo matatu tu aliyapata maandiko ya ugonjwa wa gavana mwenyewe, William Weld. Ikiwa gavana alijulikana katikati ya watu wengi vile, itakuwaje kwetu? Tuseme katika kijiji kimoja, Mlingotini au Saadani, yuko mama mwenye pacha, waliozaliwa mwezi fulani, na mmoja wa pacha ana selimundu. Lifute jina lake. Je, jirani yake hatamjua? Siri ya mtungi aijuaye kata.

Tena aibu si ya mtu mmoja tu. Yaweza kuwa ya kabila zima. Wahavasupai ni watu wachache wakaao katika bonde kuu la Arizona, Marekani. Kuanzia mwaka 1990 walitoa damu yao kwa chuo kikuu cha jimbo hilo, kwa sababu kisukari kilikuwa kinawamaliza. Baadaye walijua ya kuwa damu ile imetumiwa na kwa mambo mengine: habari za wazimu, na kuoana kwa jamaa wa karibu, na mahali walikotoka babu zao, kinyume cha mapokeo yao wenyewe. Walikwenda barazani mwaka 2004. Mwaka 2010 chuo kilipatana nao, kikalipa dola 700,000 na kuwarudishia damu iliyosalia. Hakuna jina la mtu lililotangazwa katika mambo yale. Hata hivyo waliumizwa, kwa kuwa walitoa kwa neno moja, kikatumika kwa lingine.

Basi tusimame wapi? Upande mmoja kufungia ni kuua, upande wa pili kutawanya ni kuaibisha. Naona jibu limo katika neno moja ambalo pwani yote yalijua, yaani amana.

Mtu aweza kupokea kitu kwa njia tatu. Akikinunua, ni mali yake. Akipewa zawadi, nacho ni chake. Lakini akiwekewa amana, kitu kimo mkononi mwake wala si chake. Mama yule hakuuza damu ya mwanawe, wala hakuwapa watafiti zawadi wafanye wapendavyo. Aliwaamini. Ni sawa na jirani akuachiaye mbegu ya mpunga naye anakwenda safari. Ukiila, umeiba. Lakini ukiiacha darini ikaliwa na panya, umemkosea vilevile, kwa maana aliiacha ipandwe. Wajibu wako ni kuilinda, na kuipanda kwa wakati wake, na kumwonyesha mavuno atakaporudi.

Nakiri ya kuwa mwanzoni sikufikiri hivi. Sisi wachungaji twafundishwa kwamba tuliloambiwa kwa siri ya maungamo halitoki, wala kwa faida ya nani. Nilidhani siri ya mganga ni hiyo hiyo. Lakini ziko mbali. Aliyoungama mtu ni kati yake na Mungu wake, wala kumponya mwingine si kazi yake. Habari ya homa ya mtoto huyu yaweza kumponya mtoto wa nyumba ya pili, na ndiyo sababu mama aliitoa. Mwenye kuifungia milele hailindi amana. Ameigeuza kuwa mali yake.

Amana hiyo yataka mambo gani kwa chuo? Yataka kwanza kishike shabaha ya mwenye kutoa. Mtafiti mwingine akitaka kusoma hesabu za homa ili kujua zaidi habari ya homa, amefuata njia ile ile. Akitaka kuuliza habari za akili za watu, au nasaba zao, hapana budi waulizwe tena. Kama akina mama wamehama au wamekufa, na waulizwe wale wasimamao badala yao, yaani kamati za maadili, pamoja na wazee wa mahali pale. Tena chuo kijue ni nani ajaye kusoma, na kwa kazi gani. Hazina ya namna hii haifai kuwa na ukuta mtupu, wala kuwa uwanja wazi. Iwe na mlango, na mlinzi mlangoni. Nchi yetu imekwisha kuanza kujenga mlango huo. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu husimamia utafiti na maadili yake, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, yazihesabu habari za afya kuwa nyeti, na yaweka masharti juu ya kuzipeleka nje ya nchi.

Mtu ataniambia: "Ukiweka mlango, wagonjwa watakufa watu wakingoja ufunguo." Neno hili lina kweli. Mwaka 2014, Ebola ilipowaua watu wa Sierra Leone, watafiti wa Kenema na wenzao wa Marekani walizitangaza mara moja habari za kirusi walichokisoma katika damu za wagonjwa, pasipo kungoja kuandika kwanza. Watano kati yao walikufa kabla andiko lao halijatoka. Walifanya vema. Lakini angalieni: waliyoyatangaza wazi kwa dunia nzima ni habari za kirusi, na kirusi hakina aibu wala jirani. Habari za mtu zataka mlinzi. Na mlinzi mwema hulala karibu na mlango.

Liko na deni la wale wanaopokea. Mwezi wa Novemba 2021 wataalamu wa Afrika Kusini na Botswana waliitangazia dunia namna mpya ya kirusi cha korona, iliyoitwa Omicron. Siku ya pili nchi nyingi zilikataza ndege zitokazo kusini mwa Afrika. Waliosema kweli upesi ndio waliofungiwa. Ukimwadhibu anayetoa habari, mwaka ujao atanyamaza, na kosa ni lako. Vilevile ni udhalimu vijana wa Bagamoyo wakiwa watoaji wa damu siku zote, na wasomaji wa hesabu wawe wa ng'ambo siku zote. Mavuno ya amana si dawa peke yake. Na elimu ya kuzisoma hesabu ni mavuno, nayo yapasa yarudi shambani yalikotoka.

Nilimrudia mama yule nikamweleza hayo yote, polepole, barazani kwake. Nikamwambia: "Ulikubali habari ya homa, na anayesoma kwa ajili ya homa hajakudhulumu, maadamu amelindwa mwanao. Anayesoma kwa neno lingine alipasa kukuuliza. Nawe una haki ya kujua walichokiona." Alikaa kimya kitambo, akasema: "Wasome, baba. Sikumtoa mwanangu damu ili ikae kabatini. Lakini miaka yote hii hakuna aliyerudi kuniambia iliponya nani."

Neno hilo halijanitoka. Basi, ndugu zangu, mtakapoletewa karatasi ya kutia sahihi, msikatae kwa hofu, wala msikubali kwa haya. Ulizeni: habari hizi zitatumika kwa kazi gani? Nani mwingine atazisoma? Mtarudi lini kutuambia mlichokiona? Nanyi mlio vyuoni, ambao wengine wenu mwasoma gazeti hili, msingoje kuulizwa swali la tatu. Rudini wenyewe. Akina mama wa Bagamoyo wangali wanawangoja.