Pazia la Mlango na Simu ya Mkononi



Muuza kanga wa Musoma akijua rangi uipendayo, hapana ubaya. Wewe mwenyewe umemwambia. Lakini je, akikufuata mpaka Bunda atazame umeingia kwa tabibu gani, kisha ende Butiama akaiuze habari hiyo kwa muuza dawa?

Kampuni ikupayo intaneti yaweza kujua majina ya tovuti unazozizuru, hata isipoweza kuyasoma yaliyomo. Habari hizo zikiuzwa kwa wenye matangazo, mwanamke aliyetafuta kwa siri dawa ya uzazi huenda akaletewa tangazo lake mbele ya wageni.

Wako wasemao: "Asiye na la kuficha haogopi." Basi mbona milango yetu ina pazia? Ndani mna wizi? La, ni sitara. Na Sura ya Al-Hujurat, aya ya 12, imekataza kupelelezana, wala haikusema mwema apelelezwe.

Wengine husema: "Si alibonyeza Nakubali?" Ridhaa ya asiyejua anachokiridhia si ridhaa, kama vile kununua samaki aliye bado ziwani si biashara.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakupa haki ya kukataa habari zako zisitumiwe kukutangazia biashara. Idai haki hiyo. Na unapoidai, jiulize: simu ya mwenzio uliichungulia lini mara ya mwisho?