Mtungi wa Lita 20

Aprili 2022 nilipata kibarua cha kuandika maneno 1,500 kuhusu namna ya kuishi na uhaba wa vifaa vya kujaza upya risasi. Mteja alikuwa Marekani. Mimi nilikuwa Kahawa West, juu ya kitanda, laptopu mapajani, tokeni za stima zikihesabika. Niliacha chuo mwaka wa tatu, na tangu hapo nimeandika kuhusu mabwawa ya kuogelea, meno ya mbwa na bima za nyumba ambazo sitawahi kuziingia. Hii ilikuwa kazi kama zile nyingine. Bunduki ya karibu zaidi maishani mwangu ni ile ya askari wa mlangoni mwa benki, na hata yeye huwa nampita nikiangalia chini.

Kwa hivyo ilibidi nisome. Risasi nzima ina vitu vinne: ganda la shaba, baruti ndani yake, kichwa kinachoruka, na kule nyuma kidude kidogo kinachogongwa na pini ya bunduki ili baruti iwake. Wamarekani hukiita praima. Kamusi za zamani za Kiswahili zina jina lake, fataki, neno lile lile tunaloliita milipuko ya mwaka mpya, nami nitalitumia hapa. Ukishafyatua, ganda linabaki. Kuna Wamarekani wengi sana ambao huliokota, hulisafisha, hulirudishia umbo, kisha hulijaza tena juu ya meza nyumbani. Wengine ni wawindaji, wengine ni wa kulenga shabaha mashindanoni, na wengi niliowasoma ni watu wa kubana senti. Walinikumbusha mama na mikebe yake ya Blue Band, ambayo ikiisha siagi huanza maisha mapya ya kuweka chumvi.

Ganda moja hutumika mara kadhaa. Vichwa, mwenye subira anaweza kuyeyusha madini na kuvimimina mwenyewe. Lakini fataki ni kazi ya kiwanda. Kitu cha ukubwa wa punje ya dengu, ambacho kabla ya 2020 kilikuwa karibu senti 3 za dola, ndicho kikikosekana basi meza nzima, mashine, baruti na maganda yaliyong'arishwa yanakuwa mapambo.

Na kilikosekana. Mwaka wa 2020 ulikuja na corona, maandamano na uchaguzi, na Wamarekani wakaingia madukani. Ukaguzi wa wanunuzi wa bunduki unaofanywa na FBI ulipita milioni 39 mwaka huo. Si kila ukaguzi ni bunduki iliyouzwa, lakini unaona picha. Wakati huo huo Remington, mmoja wa watengenezaji wachache wa fataki nchini humo, alifilisika mwezi Julai, na kitengo chake cha risasi kikanunuliwa na Vista Outdoor, kampuni iliyokuwa tayari inamiliki CCI na Federal. Kiwanda chenye fataki chache kitazitia wapi? Katika risasi zake kamili, zenye faida zaidi. Yule mzee wa kujaza mezani akabaki mwisho wa foleni. Boksi la fataki 1,000 lililokuwa karibu dola 30 likawa linauzwa mtu kwa mtu dola 100 na zaidi.

Niliandika ushauri wangu kwa sauti ya mtu aliyekulia na bunduki. Jiungeni mnunue pamoja, nilisema, maana ada ya kusafirisha vitu vinavyolipuka hulipwa kwa mzigo, na mzigo mmoja mkubwa ni nafuu kuliko mitano midogo. Punguza kufyatua. Fanya mazoezi bila risasi. Mahali pamoja tu nilikataa kubuni: watu walikuwa wanauliza kama baruti hii inaweza kushika nafasi ya ile waliyoikosa. Baruti mbili zinaweza kufanana machoni kama chumvi na sukari, na ukibadilisha bila kufuata kitabu cha vipimo, bunduki inaweza kukupasukia usoni. Hapo niliandika: usijaribu. Kisha, kwa herufi nzito, nikaandika sentensi ambayo mteja aliipenda kuliko zote: Nunua unapoziona, usingoje unapozihitaji.

Nilituma kazi saa nane usiku. Asubuhi hiyo hiyo nikaenda kununua petroli.

Kama ulikuwa Nairobi wiki hizo unakumbuka. Serikali ilikuwa imechelewa kulipa kampuni za mafuta fidia ya ruzuku, vituo vingi vikawa vimekauka, na pale palipokuwa na tone, foleni ilifika barabarani. Bei haikuruhusiwa kupanda. EPRA ilikuwa imeweka kikomo, shilingi 134.72 kwa lita ya petroli jijini. Nilipata mtungi wa lita 20, nikasimama, nikajaziwa, nikalipa karibu shilingi 2,700 ambazo zilikuwa sehemu ya kodi ya nyumba.

Sasa sikia. Sina gari. Sina pikipiki. Napika kwa gesi. Nilinunua petroli kwa sababu niliiona.

Nikaificha bafuni chini ya beseni, katika ploti ya vyumba 24 ambapo kila mlango una moto nyuma yake. Hilo peke yake lingetosha kuandikiwa insha ya wazimu wangu, lakini si ndilo linaloninyima usingizi. Jioni ya siku ya pili Baba Shiru wa chumba cha pili alibisha. Yeye ni mwanaboda.

"Kijana, nasikia uko na mafuta."

"Iko kidogo, mzee."

"Niuzie lita tatu, kesho nifike kazini."

"Ni 250 kwa lita."

Aliniangalia kidogo, si kwa hasira, vile unaangalia mtu ukimhesabia umri. "Haya," akasema. Akahesabu 750. Kufikia Ijumaa mtungi ulikuwa mtupu na faida yangu ilikuwa zaidi ya shilingi 2,300. Yale maneno 1,500 yalikuwa yamenilipa 1,500.

Nilijitetea kama watu wote wanavyojitetea. Kama si mimi, angenunua mwingine. Sikumshikia Baba Shiru kisu. Alikuja mwenyewe, akalipa mwenyewe, akaenda kazini, na bila mtungi wangu angelala nyumbani siku hiyo. Sikuona uongo katika sentensi hata moja kati ya hizo. Ndiyo maana zilinisumbua. Ubaya uliojengwa kwa uongo ukiugusa unaanguka, lakini huu wangu ulikuwa umejengwa kwa ukweli mtupu.

Kabla sijaacha chuo nilikaa muhula mzima katika darasa la maadili, na nilichobaki nacho ni lile swali la Kant: je, ungeweza kutaka kila mtu afuate kanuni unayoifuata? Nililijaribu kwenye sentensi yangu. Kila mtu akinunua fataki anapoziona, hakuna atakayeziona. Ushauri wangu ulikuwa mzuri kwa msomaji mmoja na sumu kwa wote, na mteja aliuweka mahali ambapo ungesomwa na wote.

Lakini hapo hapo kuna jambo ambalo darasani hatukulifikia. Wale wazee wa Marekani waliokuwa wakiongeza boksi moja kila mwezi tangu 2017 au 2018, rafu zikiwa zimejaa na bei iko chini, walilimbikiza maelfu. Kwa hesabu walikuwa na vingi kuliko mlanguzi yeyote. Na 2021 ilipofika, wao ndio watu pekee ambao hawakuwa kwenye foleni. Akiba yao iliwapunguzia wengine msongamano. Kila mtu akiweka akiba wakati wa wingi, viwanda vinaona mahitaji mapema, vinaongeza kazi, na siku ya hofu ikifika hofu inakuta watu wametulia. Kanuni hiyo Kant angeipitisha. Kwa hivyo wingi wa ulichonacho hautuambii kitu. Swali ni uliutoa wapi na lini: kwenye rafu iliyojaa, au mkononi mwa mtu aliyesimama nyuma yako.

Hata bei nilianza kuiona hivyo. Siwezi kusema bei ya juu ni dhambi kila mara. Mama anayetoa nyanya Loitoktok, akalala juu ya lori, akazifikisha Githurai siku ambayo Githurai haina nyanya, ana haki ya kuuza ghali; ameleta kitu ambacho hakikuwepo. Mimi sikuleta hata tone moja Kahawa West. Nililitoa kwenye foleni ile ile ambayo Baba Shiru angesimama, nikalirudisha kwenye ploti ile ile likiwa na bei mpya. Kule Marekani kulikuwa na watu wanaojua saa ambayo lori la dukani hufika. Wanasimama mlangoni, wanachukua boksi zote, na kabla ya chakula cha mchana zinauzwa mtandaoni mara tatu. Wao na mimi ni ukoo mmoja.

Basi duka lifanye nini? Hapa mimi huwa sina jibu safi. Ukiacha bei ipande, anapata mwenye pesa. Ukiifunga, kama petroli yetu, anapata mwenye muda, na mwanaboda hana muda, muda wake ndio mtaji. Ukiweka kikomo, boksi moja kwa mtu mmoja, anapata mwenye familia kubwa. Hili la mwisho nalijua kwa miguu yangu. Mwaka wa 2017, unga wa ruzuku ulipotoka kwa shilingi 90 pakiti ya kilo 2, duka la karibu nasi lilikuwa linampa kila mtu pakiti mbili. Mama alitupeleka watatu, akatupa pesa tukiwa nje, akatuonya tusiongee ndani kama watu wanaojuana. Dada yangu mdogo alinisalimia kama mgeni kabisa, "sasa," akapita. Tulicheka njia nzima kurudi. Aliyekuwa nyuma yetu akakosa, sijui kama alicheka.

Najua kuna msomaji ambaye tangu mwanzo anasema: risasi zikiadimika, si ni vizuri? Nakuelewa. Sina mapenzi na bunduki, na nilipokea dola kwa kuwasaidia wenye bunduki, jambo ambalo pia linastahili siku yake ya kuulizwa. Ila mtu anayejaza risasi 50 za kwenda kumtafuta paa msimu ukifika hakuniletea swali tofauti na la Baba Shiru. Kitu chenyewe kinaweza kuwa fataki, unga, au maski za ile 2020. Tabia ni moja, na niliijua vizuri zaidi nilipoikuta bafuni kwangu.

Sikumrudishia Baba Shiru pesa. Niliwaza kumpa ile 345 iliyokuwa juu ya bei halali, nikaona itaonekana kama matusi, halafu wiki zikapita, halafu ikawa ni aibu ya aina nyingine. Mwaka uliofuata alihama. Kuna asubuhi moja kabla ahame mvua ilinikuta stejini, boda wote wamepandisha mara mbili, yeye akanibeba kwa ile bei ya kila siku na hakusema chochote. Afadhali angesema.

Mwaka wa 2024 mteja yule yule akarudi. Safari hii ni baruti. Baruti ya kisasa hutokana na nitroselulosi, na nitroselulosi hutokana na nyuzi fupi za pamba, ambazo Ulaya hununua kwa wingi kutoka China. Vita vya Ukraine vikala mizinga, mizinga ikala baruti, na mikebe ya wajazaji wa nyumbani ikaanza kupanda bei na kupotea. Akataka makala ile ile, ishindiliwe upya. Akanikumbusha nisisahau ile sentensi yangu.

Niliiandika hivi: Nunua mapema rafu zikiwa zimejaa, zikibaki mikebe mitatu, chukua mmoja.

Alikata nusu ya pili. Alilipa maneno yote, hata yale aliyoyakata.