Uozo wa Mbao na Maadili ya Utunzaji

Iwapo binadamu ana haki ya kuzuia uozo wa mbao kwa sumu inayodumu kuliko mbao zenyewe ni swali la maadili kabla ya kuwa la ufundi. Kuvu waozeshao mbao hula selulosi na lignini, yaani viambato vinavyoupa ukuta wa seli ya mti nguvu yake, na kwa kazi hiyo huirudishia ardhi rutuba ambayo miti mipya huitegemea. Kwa hiyo ni haki kuwawekea mpaka, lakini si haki kuwaona kama kosa la uumbaji.

Kanisa la Borgund nchini Norwei, lililojengwa kwa mbao mwishoni mwa karne ya 12, linathibitisha kwamba mpaka huo unawezekana. Maseremala waliliinua juu ya msingi wa mawe ili mbao zisinyonye maji ya ardhini, kwa kuwa mbao zenye unyevu chini ya asilimia 20 haziozi kwa urahisi, na vizazi vilivyofuata vimeendelea kulipaka lami ya msonobari, ambayo hupatikana kwa kuchoma polepole visiki vyenye utomvu katika hewa haba.

Dawa zenye arseniki hupunguza kazi ya utunzaji, lakini huwaachia wajukuu vumbi na majivu ya sumu. Lami hudai kupakwa tena na tena, na humo ndimo ilimo thamani yake, kwa maana anayekubali wajibu huo hukiri kwamba jengo ni amana aliyoipokea na atakayoikabidhi kwa wengine.