Mkono wa 22

Oda iliingia usiku kwa WhatsApp, kutoka Dodoma: gauni refu la kitenge la kuvaa kwenye nikahi ya mdogo wake, pamoja na kilemba, na kigauni cha mwanawe wa miaka minne. Mteja alijipima mwenyewe. Kifua 97, kiuno 82, nyonga 108, urefu 145, mkono 22. Fundi wetu, mama mmoja anayeshonea kibarazani kwake Temeke, alizisoma namba zile kwa sauti, akachora kwa chaki, akakata. Vipimo vingine vyote vilikuwa vya sentimita, kwa hiyo mkono ukawa mfupi, sentimita 22.

Futi kamba ina nyuso mbili, huku inchi, huku sentimita. Mteja wetu alipofika mkononi futi ilijigeuza, naye hakuona. Zile 22 zilikuwa inchi, yaani karibu sentimita 56, mkono wa kufika kwenye kifundo. Gauni lilipanda basi, likafika Jumatatu, na jioni ile akanipigia. Hakugomba. Aliuliza tu, "Dada, mbele ya wakwe nitaingia hivi?"

Kitambaa kilichobaki kilikuwa kimeshaishia kwenye kilemba na kigauni. Nilirudi Kariakoo, Mtaa wa Uhuru, kulitafuta ua lile lile, nikalipata duka la tatu. Lakini muuzaji wa jumla hakati kitenge. Ukitaka mikono miwili tu, unanunua pisi nzima ya yadi 6. Bei ya pisi ile ilizidi ujira wa fundi kwa gauni zima. Nilipofika kibarazani nayo mkononi, mama aliitazama, akainamisha kichwa. "Dada, we nikate tu," alisema. "Aliyekata vibaya ni mimi."

Neno hilo limenikaa tangu siku ile. Katika kazi yetu kukata kuko kwa aina mbili, na Kiswahili kimezipa jina moja. Fundi anakata kitambaa, mwenye ofisi anamkata fundi. Nilijifunza kushona kwenye ofisi moja ya mjini ambako daftari lilikuwa na safu ya makato kando ya safu ya malipo: zipu iliyokatika, bitana iliyoungua pasi, nguo iliyochelewa. Mafundi walilipwa kwa nguo, na mwisho wa wiki wapo walioondoka na nauli tu. Hakuna aliyeona ajabu. Hata mimi sikuona, maana ndivyo kazi ilivyo kila unapopita.

Mimi na mwenzangu tulipoanza biashara hii tulitaka kitu ambacho ni rahisi kukieleza. Fundi wa kibarazani anaonwa na mtaa wake tu. Mwezi wa Januari sare za shule zinamzidi, Ramadhani inapokaribia Idi hapati usingizi, kisha inakuja miezi cherehani imefunikwa kwa kanga na kodi ya chumba inadai. Mtandao ungemletea wateja wa Dodoma, Mwanza na Nairobi katika miezi hiyo. Tuliamua pia kwamba mafundi wetu watakuwa wanawake ambao ofisi nyingi haziwachukui: mwenye mguu usioweza kukanyaga cherehani, ambaye tunamfungia mota, mjane mwenye watoto wadogo asiyeweza kushinda mjini, na binti aliyeacha shule kwa sababu ya ujauzito. Hiyo ndiyo tuliyoiita faida kwa jamii. Tuliiandika juu kabisa ya ukurasa wetu, kabla ya bei.

Sasa nikiutazama ukurasa ule naona tuliandika habari za wateja tutakaowapata na mafundi tutakaowainua. Hatukuandika neno hata moja juu ya nani atalipa mkono ukikatwa vibaya, na hapo ndipo biashara ya aina hii inapopimwa. Siku nguo inapotoka vizuri kila mtu ni mwema.

Makato hayatishi mafundi wa kwetu tu. Aprili 24, 2013, jengo la viwanda vya nguo la Rana Plaza liliporomoka kule Savar, Bangladesh, likaua zaidi ya watu 1,100. Wengi wao walikuwa wanawake vijana waliokuwa wakishona nguo za maduka ya Ulaya na Marekani. Nyufa zilikuwa zimeonekana jana yake. Benki na maduka ya ghorofa za chini yalifungwa, ila mafundi waliitwa warudi kwenye mashine, na walionusurika walieleza kwamba walitishiwa kunyimwa mshahara. Kibaraza cha Temeke na jengo la ghorofa nane havilingani hata kidogo. Lakini hofu ya kukatwa ninaijua. Niliiona kwa yule mama alipoinamisha kichwa, kabla sijasema lolote.

Sikumkata. Ningependa kusema nilijibu papo hapo, lakini ukweli ni kwamba nilinyamaza, nikapiga hesabu kichwani, na ukimya ule naujutia kuliko hasara ya pisi. Namba ilitoka kwa mteja bila kipimo chake, ikapita kwangu mimi niliyepokea oda, na mimi ndiye niliyepaswa kuuliza. Mama alikuwa mtu wa mwisho kwenye mnyororo, na desturi yetu ni kwamba hasara huteremka mpaka ikamkuta wa mwisho, kwa kuwa hana wa kumteremshia.

Tangu hapo kila nguo tunaiwekea fungu dogo la makosa, linalotoka kwenye bei kabla hatujahesabu faida yetu. Fundi analipwa siku anapomaliza, hangoji mteja akamilishe malipo. Na mteja tunamwomba picha ya futi ikiwa mwilini, namba zikionekana. Bei yetu imepanda kidogo, na wapo walioondoka. Mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, inaweza kununua cherehani, na ni jambo jema sana. Pisi ya pili ya kitenge bado inabidi itoke mfukoni mwa mtu, na ni lazima ijulikane mapema ni mfuko wa nani.

Liko jambo jingine, nami naliona zito zaidi. Ndugu wanaoijua biashara ya mtandaoni walitushauri tuweke picha za mafundi na masaibu yao: huyu aliachwa na mumewe, huyu aliugua hivi, ukinunua gauni unamwokoa. Walisema watu hununua wakiguswa, na sina shaka wanasema kweli. Lakini nguo kwetu ni stara. Mtu akikuletea mwili wake uupime, anakuonyesha bega lililoshuka na tumbo lililolegea kwa uzazi, nawe unamshonea kitu cha kumsitiri mbele za watu. Vipi basi tuuze stara kwa kumvua anayeishona?

Nawafikiria wanawake waliofundishwa ushonaji na uchapaji wa vitambaa katika Kituo cha Mabinti kilichoanzishwa chini ya shirika la CCBRT hapa Dar es Salaam, baada ya kutibiwa fistula ya uzazi. Ugonjwa huo hutokana na uchungu wa uzazi uliokaa muda mrefu bila msaada. Mkojo hutoka bila kuzuilika, na wapo wanaokimbiwa na waume na hata ndugu kwa sababu ya harufu. Mwanamke aliyepita huko, akapona, akashika mkasi, amekwisha kujipatia jina jipya: fundi. Akitaka kusimulia yaliyompata, simulizi ni yake, na inaweza kumfaa mwingine anayejificha ndani. Kumwomba asimulie ili mkoba alioushona uuzike ni kumrudisha alikotoka. Mkoba ukiwa umeshonwa vizuri, uuzwe kwa mshono wake.

Kwa hiyo ukurasa wetu sasa unaonyesha nguo, na jina la aliyeishona ikiwa ameridhia. Mjane, mguu, ujauzito, yote tumeyafuta. Mwenzangu alisita, na hoja yake ni ya haki: bila habari hizo, mteja atajuaje kwamba sisi si kama wengine? Huenda asijue. Atajua kwamba bega limekaa, pindo halifumuki na gauni lilifika siku iliyoahidiwa, jambo ambalo kwa watu waliozoea kuambiwa "njoo Ijumaa" si dogo. Mjane wetu halali njaa eti kwa sababu mteja wa Mwanza hajui kwamba yeye ni mjane.

Gauni la Dodoma lilirudi kwa basi Jumanne. Mama akafumua mikono, akapachika mipya, na maua ya begani akayaoanisha hata mshono usionekane, kazi ambayo hakuna aliyemwomba. Alhamisi likapanda basi tena. Alilipwa ujira wa gauni, na ujira wa kupachika mikono mara ya pili.

Wewe unayetaka kufungua biashara kama hii, waite mafundi wako kabla hujapiga picha ya kwanza. Kaeni na daftari, mwandike kwa mkono nani atalipa siku mkasi utakapokosea. Kisha wasomee kwa sauti, na usubiri mpaka fundi wa mwisho aseme.