Tawakuli na Malazi ya Mtoto Mchanga
Katika nyumba za mawe za Mji wa Kale wa Mombasa, ambako mbu huingia pamoja na upepo wa bahari, swali la mahali pa kumlaza mtoto mchanga si la seremala peke yake, bali linagusa pia tawakuli, yaani kumtegemea Mwenyezi Mungu katika kila jambo. Wapo wanaodhani kwamba anayepima nafasi kati ya fito za kitanda, ili isizidi sentimita 6 kichwa cha mtoto kikanasa, amepungukiwa na imani. Dhana hiyo haina msingi, kwa kuwa hadithi mashuhuri ya mwenye ngamia, iliyopokewa na Tirmidhi, inaagiza mnyama afungwe kwanza, ndipo Mungu ategemewe. Sembuse mtoto, ambaye ni amana, yaani kitu cha mwingine ambacho mtu amekabidhiwa akitunze.

Ugumu halisi uko kwenye raha. Mapenzi hutaka kumzungushia mtoto mito na kumlaza juu ya godoro laini la sufi, ilhali vitu laini vyaweza kumziba pumzi, na tangu kampeni ya mwaka 1991 nchini Uingereza, iliyohimiza watoto walazwe chali, vifo vya ghafla vya usingizini vilipungua sana huko. Kinachofaa ni godoro gumu, shuka iliyobana, pasiwe na mto, na chandarua juu yake. Mzazi akitazama huona kama amemnyima mwanawe, lakini raha inayopimwa hapo ni ya anayetazama, si ya anayelala. Hata hirizi ya shingoni, iliyofungwa kwa nia njema ya kulinda, yafaa ivuliwe usiku, kwa sababu uzi wake waweza kumkaba mtoto.