Aliyesahau Jina Lake Bado ni Mtu

John Locke, mwanafalsafa Mwingereza, alifungamanisha nafsi ya mtu na kumbukumbu zake. Tukimfuata, mama wa Homa Bay ambaye ugonjwa wa Alzheimer umemfanya asiwatambue wanawe amekwisha kuondoka, na anayelishwa uji ni mwingine. Sikubali. Waluo humpa mtoto jina la marehemu wa ukoo. Kichanga hakumbuki lolote, marehemu hawezi kujitetea, lakini hakuna anayewavua utu. Utu wao umeshikiliwa na wengine. Kwa nini basi mzee wa Migori anayetangatanga usiku aitwe mchawi, ilhali kinachougua ni ubongo, kama daktari Alois Alzheimer alivyoeleza tangu 1906?

Mtu atasema: ni rahisi kunena, mzigo wa kumtunza mgonjwa humwangukia mkaza mwana peke yake. Kweli, na hoja hiyo ni nzito. Shilingi 2,000 za Inua Jamii, mpango wa serikali ya Kenya wa kuwasaidia wazee, kwa mwezi, kwa waliotimiza miaka 70, haziubebi mzigo huo. Kanisa linalochangia mazishi kwa ukarimu lianze mapema zaidi: nepi za watu wazima, nauli ya kwenda hospitali, na waumini wa zamu watakaokaa na mgonjwa ili mlezi apate kulala.